Maana ya maneno ya mpangilio wa picha, na namna ya kuyatumia ukiwa na kamera mkononi

Mtu akiitazama picha yako akasema tu kwamba haijakaa vizuri, huenda amesema kweli, lakini hajakusaidia, kwa sababu hujui kama urudi nyuma hatua mbili, uiname, umsogeze mhusika kando au usubiri gari lipite. Maneno ya mpangilio wa picha yapo kwa ajili ya haja hiyo. Kila neno ni jina la uamuzi mmoja ambao mpiga picha anaufanya, au anaiachia bahati imfanyie, kabla hajabonyeza kitufe. Mimi niliyakariri kwa miaka miwili kabla ya kutambua kwamba karibu yote yanahusu mahali pa kusimama, na ndiyo maana katika mwongozo huu kila neno nimelifungamanisha na jambo la kufanya kwa miguu, kwa magoti au kwa mkono. Mifano mingi nimeitoa Mji Mkongwe wa Unguja, ambako mtu anaweza kuyafanyia mazoezi yote kwa jioni moja bila kupanda gari.

Neno la kwanza ni fremu, yaani mipaka minne ya picha. Aliyekulia katika nyumba yenye kanga ameizoea fremu tangu utotoni bila kuliita jambo hilo kwa jina. Kanga ina pindo lililozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani msemo wake, limeandikwa sehemu ya chini ya mji, mahali ambapo jicho limezoea kulitafuta. Mchoraji wa kanga huanza kazi akijua pindo litapita wapi. Mpiga picha hachorewi pindo; ni lazima alione mwenyewe. Basi kabla ya kubonyeza, anza kwenye pembe moja ya kioo cha kamera, zungusha macho taratibu kwenye kingo zote nne mpaka urudi ulipoanzia. Kazi hiyo inachukua sekunde mbili, na ndizo sekunde zenye faida kubwa kuliko nyingine yoyote utakayoitumia, kwa kuwa hapo ndipo utakapouona mkono usio na mwenyewe, nusu ya ndoo, na waya wa umeme uliokatiza anga.

Uwiano wa fremu ni upana wake ukilinganishwa na urefu wake. Kamera nyingi kubwa hutoa picha ya 3 kwa 2, uwiano tuliourithi kutoka kwenye filamu ya milimita 36 kwa 24 iliyotumika katika kamera ndogo aliyoibuni Oskar Barnack wa Ujerumani, ambayo iliingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Simu nyingi hutoa 4 kwa 3, na video kwa kawaida ni 16 kwa 9. Tofauti hizo zinaonekana ndogo, lakini zina matokeo ambayo nitayarudia mwishoni, pale picha inapopelekwa kusafishwa.

Mhusika na kanuni ya theluthi

Mhusika wa picha ni kile ambacho picha imepigwa kwa ajili yake. Anaweza kuwa mtu, kikombe au kivuli. Kila jioni pale Forodhani, ukingoni mwa bahari ya Mji Mkongwe, vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka juu ya ukuta, na kila jioni wageni na wenyeji huwapiga picha ambamo mna vijana, mashua, meza za wauza vyakula, umati na jua linalozama, vyote kwa pamoja na vyote vikiwa vidogo. Picha ya namna hiyo haina mhusika. Jaribu kuisema picha kwa sentensi moja kabla ya kuipiga: kijana yuko hewani, magoti ameyakunja, maji bado hayajamfikia. Ukishaisema hivyo, unajua kwamba meza za vyakula hazimo, na miguu yako yenyewe itakupeleka ukingoni ambako nyuma ya kijana kuna bahari peke yake.

Sasa kijana huyo akae wapi ndani ya fremu? Hapa ndipo inapoingia kanuni ya theluthi, ambayo ni maarufu kuliko zote. Gawa fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo ili upate vyumba tisa vilivyo sawa, kisha mweke mhusika kwenye mmoja wa mistari hiyo, au bora zaidi kwenye mojawapo ya sehemu nne ambazo mistari hukutana. Huhitaji kuikadiria kwa macho, kwa kuwa simu na kamera za siku hizi zinaichora kwenye kioo ukiwasha gridi katika mipangilio ya kamera. Jina la kanuni hii liliandikwa mwaka 1797 na John Thomas Smith, mchoraji wa Uingereza, aliyekuwa akizungumzia michoro ya mandhari, hasa namna ya kuigawa ardhi na anga ili moja ichukue theluthi na nyingine theluthi mbili. Kamera ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Wapo wanaosisitiza kwamba kipimo sahihi si theluthi bali uwiano wa dhahabu, ambao ni 1.618 hivi kwa 1. Nimeufanyia hesabu. Katika picha yenye upana wa pikseli 6,000, mstari wa theluthi unapita kwenye pikseli ya 2,000, na mstari wa uwiano wa dhahabu unapita karibu na pikseli ya 2,292. Anayeweza kumweka kijana aliye hewani kwenye mstari wa pili badala ya wa kwanza, kwa makusudi, simjui. Kanuni ya theluthi ni msaada wa kumtoa mwanafunzi kwenye mazoea ya kuweka kila kitu katikati kama anayelenga shabaha, na ikishafanya kazi hiyo, haina haja ya kutetewa kwa hesabu.

Upeo ni mstari ambao bahari au nchi inakutana na anga. Una mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni kwamba uwe umenyooka, maana bahari iliyoinama huonekana kama itamwagika nje ya picha. Gridi ile ile ikusaidie. La pili ni mahali unapokaa. Mawingu yakiwa na habari, ushushe upeo kwenye theluthi ya chini. Anga likiwa jeupe tupu kama lilivyo saa saba mchana, upandishe juu, au uinamishe kamera mpaka anga liondoke kabisa.

Nafasi ya mbele ya macho ni uwazi unaoachwa upande ambao mhusika anautazama au anaelekea. Kijana anayerukia kulia akiwekwa karibu na ukingo wa kulia, mtazamaji anahisi atajigonga. Kwa hiyo aanzie kushoto na aachiwe maji ya kuangukia. Nafasi ya juu ya kichwa ni dada yake: ikiwa ndogo mno, mtu anaonekana amebanwa na dari, na ikiwa kubwa mno anaonekana anazama. Kosa hili la pili ndilo linalojaa katika picha za vitambulisho vya shule, kwa sababu mpigaji ameweka uso wa mtoto katikati ya fremu kabisa na kuacha nusu nzima ya juu kwa ajili ya ukuta.

Utasikia pia habari ya wakati wa uamuzi, yaani ile chembe ya sekunde ambayo tukio na mpangilio vinakamilika pamoja. Usemi huo ulienezwa na toleo la Kiingereza la kitabu cha mwaka 1952 cha mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Jina la Kifaransa la kitabu hicho halisemi hivyo. Linatumia maneno ambayo Wafaransa huyasema juu ya wachuuzi wasio na kibali, wanaouza haraka haraka huku wakiangalia nyuma. Machinga yeyote wa Kariakoo aliyewahi kukusanya bidhaa zake mgambo akitokea angeelewa mara moja. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba utengeneze fremu kwanza, uisubirishe, kisha umwache mhusika aingie ndani yake. Usimfukuze kijana kwa kamera. Chagua kipande cha ukuta na kipande cha bahari, nyoosha upeo, subiri arukaye wa tatu au wa nne.

Mlango, uchochoro na mistari

Ulinganifu ni hali ya upande mmoja wa picha kufanana na wa pili, na hapa kanuni ya theluthi inawekwa kando. Milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe ni mwalimu mkali wa jambo hili. Mlango una mbao mbili zinazofunguka, una miimo pembeni, una kizingiti, na katikati umesimama mfaa, ule mti wa wima uliochongwa ambao mbao mbili zinafungia hapo. Mfaa unatakiwa ukae katikati ya fremu barabara. Ukikosea kidogo tu, kila mtazamaji ataona, hata asiyejua kwamba ameona. Simama uso kwa uso na mfaa, si mbele ya mlango kwa kukadiria. Kisha pandisha au teremsha kamera mpaka lenzi iwe sawa na katikati ya kimo cha mlango, kwa sababu ukisimama chini na kuielekeza kamera juu, miimo itakimbiliana kuelekea juu na mlango utaonekana unaanguka kwa nyuma. Uchochoro ukiwa mwembamba kiasi kwamba huwezi kurudi nyuma, piga picha ya nusu ya mlango kwa makusudi, au piga picha ya nakshi peke yake. Ulinganifu wa karibu karibu ni mbaya kuliko kutokuwa na ulinganifu.

Mlango huo huo ukifunguliwa, unakupa fremu ndani ya fremu: mtu aliyeketi uani akionekana kupitia miimo. Dirisha, tao, matawi ya mwarobaini na hata mkono uliokunjwa kiunoni vinaweza kufanya kazi hiyo. Sharti ni kwamba fremu ya ndani iwe nyeusi zaidi au tulivu zaidi kuliko kilichomo, la sivyo jicho litabaki mlangoni.

Mistari elekezi ni mistari yoyote inayolichukua jicho na kulipeleka mahali: kingo za baraza, reli, mkondo wa maji, safu ya taa. Kosa linalorudiwa na karibu kila anayejifunza ni kupiga picha ya mistari isiyopeleka popote. Uchochoro unapinda vizuri, kuta mbili zinakutana kwa mbali, na pale zinapokutana hakuna kitu. Msubiri mtu apite. Mwanamke aliyebeba kapu, akifika pale kuta zinapokutana, anaigeuza picha ya kuta kuwa picha ya mwanamke, na yeye hata hajui kuwa kuta zote mbili zinamwonyesha kidole.

Mstari wa mshazari, unaokatiza fremu kutoka pembe hadi pembe, huleta mwendo na wasiwasi, ndiyo maana foromali, ule mti mrefu unaoshikilia tanga la jahazi, linapendeza bila juhudi. Vitabu vingi vinadai kwamba mshazari unaotoka chini kushoto kwenda juu kulia unaonekana unapanda, kwa sababu jicho husafiri kushoto kwenda kulia. Dai hilo mimi silipi uzito mkubwa. Jicho linasafiri hivyo kwa anayesoma hivyo, na pwani hii iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, kwa karne kadhaa.

Mbele, katikati na nyuma

Picha ni bapa, na dunia si bapa. Tabaka ndiyo njia ya kumdanganya mtazamaji kwa heshima: kitu kimoja mbele, mhusika katikati, na mandhari nyuma. Ukitaka kuupiga picha ufukwe wenye ngalawa kwa mbali, ukisimama wima utapata ukanda wa mchanga, ukanda wa maji na ngalawa ndogo kama kucha. Piga magoti karibu na rundo la nyavu, uliache lijaze sehemu ya chini ya fremu, na mara mtazamaji atahisi kuna safari kutoka kwenye nyavu mpaka kwenye ngalawa.

Ukubwa wa vitu vya mbele ukilinganishwa na vya nyuma unatokana na umbali uliosimama, si aina ya lenzi. Jambo hili limewapotosha wengi. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana. Ukitaka uso ujaze fremu unalazimika kumsogelea mtu hadi karibu kabisa, na kwa ukaribu huo pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma hatua mbili, kisha ukuze picha au uikate baadaye, na uso utarudi kuwa wa mwenyewe.

Kina cha ukali ni kiasi cha umbali, kutoka mbele hadi nyuma, kinachoonekana kikali bila ukungu. Kwa kamera yenye sensa (sehemu inayopokea mwanga) ya ukubwa wa filamu ile ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50, na mtu aliye mita 2 mbele yako, tundu la lenzi likiwa f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kina hicho ni kama sentimita 19 tu, kiasi cha kuutosha uso na si zaidi sana. Ukilibana tundu hadi f/8, kinafika sentimita 77 hivi. Kwa hiyo kikundi cha watu waliosimama safu mbili kisipigwe kwa f/2, hata kama ukungu wa nyuma unapendeza. Ukungu huo wenyewe unaitwa boke, neno la Kijapani lenye maana hiyo hiyo ya kufifia, na wapiga picha hulitumia wakizungumzia sura ya ukungu, kama ni laini au una vuruguvurugu, si wingi wake.

Mandhari ya nyuma yanastahili kutazamwa kabla ya mhusika, ingawa sisi sote tunafanya kinyume. Nilijifunza hili harusini. Baba mdogo wa bibi harusi alisimama kwa utulivu, kanzu imenyooka, koti juu yake, na mimi macho yote nimeyaweka kwenye tabasamu lake. Picha ilipotoka, nguzo ya mapambo iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imemtoka utosini, nyeupe, na juu imefungwa utepe. Shangazi mmoja aliishika picha kwa muda, akaniuliza kwa adabu kabisa, “Mwanangu, hii nguzo ulimvika wewe?” Kosa hili la kitu cha nyuma kugandana na mhusika huondolewa kwa hatua moja ya pembeni, na hatua hiyo haina gharama yoyote wakati ule; baadaye ni saa nzima mbele ya kompyuta.

Tusidhani lakini kwamba nyuma ni lazima pawe patupu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyekuwa na studio Bamako kuanzia mwaka 1948, aliwapiga watu mbele ya vitambaa vya maua na nakshi hali nao wamevaa nguo zenye maua na nakshi, na bado uso wa mtu ndio unaoonekana kwanza. Ukizitazama picha zake kwa makini utaona kwamba nyuso na mikono ndizo sehemu pekee zilizotulia, zisizo na nakshi, hivyo jicho linakwenda kupumzika hapo. Anayempiga picha mama aliyejifunga kanga mbele ya ukuta wenye marembo aanze na funzo hilo.

Kupumzika kwa jicho kuna jina: nafasi tupu. Ni sehemu ya picha isiyo na kitu cha kutazamwa, kama bahari tulivu iliyoizunguka ngalawa moja. Mteja hulalamika kwamba ni nafasi iliyopotea, lakini ndiyo inayosema kwamba ngalawa iko peke yake. Uzito, kwa upande mwingine, ni nguvu ya kitu ya kulivuta jicho. Uso una uzito, macho yana zaidi, na maandishi yana uzito wa ajabu: bango dogo la soda pembeni mwa fremu litasomwa kabla ya mtu kutazamwa. Rangi nyekundu na sehemu yenye mwanga mkali nazo ni nzito. Ukifumba nusu ya macho ukaitazama picha kwenye kioo, utaona kitu gani kinabaki kuonekana. Kikiwa si mhusika wako, badilisha pembe. Pembe nayo ni jambo la kimo tu: ukimpiga mtoto ukiwa umesimama, unamfanya mdogo zaidi ya alivyo, na ukichuchumaa hadi macho yenu yalingane, mnakutana.

Kukata

Kukata ni kupunguza kingo za picha, iwe wakati wa kupiga au baada yake. Mtu hakatwi kwenye viungo: vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vifundo vya mikono. Ukimkata hapo anaonekana kama kiungo kimeondolewa, lakini ukikata katikati ya paja au katikati ya kifua, jicho linamalizia lenyewe.

Na sasa lile la uwiano. Karatasi ya kawaida ya picha ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2, na simu yako imepiga 4 kwa 3. Picha ya kulala ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikijazwa kwenye karatasi hiyo, urefu wake unashuka hadi pikseli 2,667 hivi. Pikseli 333 zinaondoka, karibu asilimia 11, kwa kawaida nusu juu na nusu chini, na katika picha ya ukoo mzima uliosimama mstari mmoja, juu ni vilemba na chini ni viatu. Kwa hiyo ukijua picha itasafishwa, rudi nyuma hatua moja zaidi ya unavyotaka, au ikate mwenyewe kwa uwiano wa 3 kwa 2 kabla ya kuipeleka studio, ili fundi asikuchagulie nani abaki bila kilemba.